MWANAFUNZI SI GUNIA LA KUBEBWA NGAZINI



Mwanachama mwenzetu mmoja ana binti katika chuo kimoja hapa nchini. Binti huyu hatembei, hutumia kiti cha magurudumu. Nafasi aliipata kwa haki na karo imelipwa, lakini darasa lake liko orofa ya tatu na lifti ilikufa zamani. Basi kila siku ya masomo wafagiaji wawili na askari wa lango humpandisha, yeye na kiti chake, na jioni humteremsha. Askari akiwa zamu ya usiku, binti hukaa chini akingoja wenzake wamletee daftari.

Tulipouliza, mkubwa wa chuo alijibu kwa furaha kwamba wafanya kazi wake wana moyo mwema. Ni kweli, nasi twawasifu. Lakini je, moyo mwema ndiyo idara ya chuo? Mfagiaji akivunjika mgongo katika ngazi zile, nani atamlipa, na kazi hiyo haimo katika barua yake ya kazi? Na aibu ya mtu mzima kubebwa kama gunia mbele ya wenzake, nani aihesabu?

Sisi wa chama twaujua mchezo huu. Kabla ya mapatano, likizo ilikuwa hisani ya tajiri: akipenda hukupa, akikasirika hukunyima, na ahsante lazima useme. Tulikataa, tukataka iandikwe. Msaada wa mwanafunzi mwenye ulemavu ni vivyo hivyo. Usipoandikwa, ukatengewa fedha na mtu wa kuujibia, ni bahati tu.

Wala wakubwa wasituambie hawakujua. Sheria ya 2003 ilikataza chuo kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu tu, ikiwa aweza kujifunza somo lile. Ikawataka waangalie mahitaji yake katika mitihani na ratiba. Wenye majengo ya umma wakapewa miaka 5 ya kuyatengeneza. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikataja haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa, na ya kutumia lugha ya ishara na breli. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Maneno yameandikwa mara tatu, na ngazi ni zile zile!

Wengine husema: waende Machakos katika chuo cha ufundi cha vipofu, au Karen katika kile cha viziwi. Vyuo hivyo ni vyema. Lakini kijana anayetaka uwakili au uhandisi aende wapi? Kiziwi akikaa mstari wa mbele bila mkalimani, hutazama midomo. Mwalimu akigeukia ubao, hata midomo haioni. Na wako wanaonung'unika kwamba kipofu kuongezewa muda wa mtihani ni upendeleo. Vidole husoma breli polepole kuliko macho yasomavyo karatasi. Kumpa dakika si kumpa majibu.

Kama kuna mwanachama asemaye jambo hili halimhusu, atazame mikono ya wazee wetu wa viwandani. Mashine haichagui. Aliyepoteza vidole leo kesho atataka kujifunza kazi nyingine, naye atagonga mlango wa chuo hicho hicho.

Kwa hiyo tutakapokaa na wakubwa wa vyuo kuzungumza mishahara, shauri hili liwe juu ya meza ile ile: lifti zitengenezwe, wakalimani waajiriwe kwa mshahara wa kudumu wala si kwa siku, na anayemsaidia mwanafunzi aandikiwe kazi hiyo na kulipwa.

Wanachama walio vyuoni wamletee katibu wa tawi habari za lifti zilizokufa na za kazi wanazofanyishwa bila malipo. Anayeogopa asitie jina lake.