Rafu Tupu ya Mpenzi wa Muziki

Mapenzi ya muziki huanza sikioni, lakini hayakomi hapo. Mtu aipendaye bendi kwa dhati hufikiwa na siku ambayo kusikia peke yake hakumtoshi. Hutaka kujua nani alipiga gita, nani alitunga wimbo, ulirekodiwa mwaka gani, na ni jambo gani lililowatenganisha watu waliosimama jukwaa moja kama ndugu. Siku hiyo hutafuta kitabu. Akipata kimoja hutamani cha pili, na huyo amekwisha kuwa mkusanya vitabu. Wako watu wamchekao kuwa ni mpuuzi apotezaye fedha kwa habari za wapiga ngoma. Kicheko hicho hakina haki, na penye Kiswahili kina hasara kubwa kuliko wachekao wanavyodhani.

Kwingine mtu wa namna hii hachekwi. Wapenzi wa Beatles wa Uingereza walipata wasifu wa bendi yao kwa kalamu ya Hunter Davies mwaka 1968, bendi ingali hai. Mwaka 1988 Mark Lewisohn alitoa kitabu kielezacho kazi yao katika studio siku baada ya siku. Mwaka 2013 akatoa juzuu nene la historia ya vijana wale, na juzuu hilo lote linakoma mwisho wa mwaka 1962, kabla hawajajulikana ulimwenguni. Msomaji mwenye vitabu hivi vitatu ana baraza nyumbani kwake. Shahidi mmoja akipotoka, wa pili humrudi. Kitabu kimoja humpa mtu hadithi. Vitabu viwili vinavyopingana humfundisha kuamua. Kwa hiyo mkusanya vitabu vya bendi, achekwaye kwa upuuzi, yumo katika shule ya uhakiki pasipo kulipa karo.

Sasa na achukuliwe mpenzi wa muziki akaaye Mvumi, wilayani Kilosa. Bendi aipendayo haikutoka ng'ambo. Ni Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944 katika mji mkuu wa mkoa wake mwenyewe. Katika bendi hiyo alikua Mbaraka Mwinshehe, ambaye gita lake lilivuka bahari mwaka 1970 kwenda katika maonyesho ya dunia huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliiacha bendi akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Katika mji huo huo wa Morogoro ilikuwapo Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyekufa naye kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mji mmoja ulilea bendi mbili kubwa zilizoshindana, na kila moja ikapoteza nyota yake barabarani. Hapana mwandishi wa riwaya ambaye angekataa kisa kama hiki akipewa bure.

Mpenzi huyu ana maswali ya haki. Kwa nini Mbaraka aliondoka mwaka 1973? Kila kijiwe kina jibu lake, na kila jibu hutolewa kwa kiapo. Bendi hizi zilipigia wapi zilipokuja upande wa Kilosa na Kimamba, katika nchi ya mashamba ya mkonge ambako vibarua wa makabila mengi waliunganishwa na Kiswahili? Nani alilipia ukumbi, na mpigaji alipata nini mkononi mwake? Aendapo kutafuta kitabu hukutana na cha Terence Ranger juu ya ngoma ya beni, cha mwaka 1975; cha Kelly Askew juu ya muziki na siasa ya utamaduni Tanzania, cha mwaka 2002; na cha Alex Perullo juu ya uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, cha mwaka 2011. Ni vitabu vya maana, vilivyotolewa kwa jasho. Lakini vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na hapana hata kimoja ambacho Morogoro Jazz ndiyo shabaha yake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na dawa yake. Mwenyeji hawezi kusoma maandishi ya kwenye chupa.

Mpenzi wa taarabu ana nafuu. Issa Mgana alimwandikia kitabu kwa Kiswahili mwaka 1991, na Mohamed Seif Khatib mwaka 1992. Kabla yao, Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, hakuona haya kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Mfano huo hautoshi kuwanyamazisha wasomi wasemao kuwa maisha ya mwimbaji si jambo la kalamu nzito? Mpenzi wa dansi rafu yake ni vipande vya magazeti, majalada ya sahani za santuri na maneno ya wazee.

Zitatolewa hoja tatu. Ya kwanza, kwamba nyimbo ni za kusikiwa, si za kusomwa. Kweli, lakini chakula nacho ni cha kuliwa, na hapana aliyekataza habari za shamba na mpishi. Ya pili, kwamba dansi ni mambo ya pombe na usiku. Hata hivyo nyimbo hizo zilibeba habari za ndoa, misiba, shida za mjini na fahari ya taifa jipya. Aziachaye kwa sababu ya chupa iliyokuwa mezani huacha na historia ya watu walioketi mezani hapo. Ya tatu, kwamba wanunuzi hawapo. Mnunuzi hawezi kuonekana sokoni kabla bidhaa haijafika.

Lakini lawama kubwa ni ya vyuo vikuu. Humo nyimbo za dansi husomwa sana, walakini kwa namna ya ajabu. Maneno hung'olewa katika wimbo kama manyoya ya kuku. Hutafutwa dhamira, ujumbe na falsafa. Kisha tasnifu hufungwa. Mpiga gita hana jina, mwaka haupo, ukumbi haupo, bendi yenyewe haipo. Huko ni kuhakiki kivuli na kumwacha mwenye kivuli akizeeka bila kuulizwa.

Naye anazeeka kweli. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini Mbaraka alipokwenda Osaka sasa amepita sabini na tano. Aliyecheza katika ukumbi wa Salum Abdallah ni mzee zaidi. Mwanafunzi atokaye Kilosa au Mikumi, akirudi kwao likizo na daftari moja, anaweza kuandika kwa Kiswahili kile ambacho baada ya miaka kumi hakitaandikika kwa lugha yoyote. Akiandika mmoja, na mwingine akampinga kwa kitabu cha pili, mpenzi wa muziki wa Mvumi atakuwa na baraza lake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Morogoro iliacha mali nyingi kwa sauti. Kama daftari lake litaendelea kuandikwa na wageni kwa wageni, wenyeji wasilaumu mtu siku watakapolazimika kujifunza lugha ya pili ili wajue babu zao walicheza wimbo gani.