Damu Ikipimwa, Majibu ni ya Nani?



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Muyeye, ndugu mmoja auzaye petroli aliinuka akauliza swali ambalo kamati haikuweza kulijibu, na kwa kweli tuliona haya. Alisema amesikia kwamba siku hizi wataalamu waweza kumtoa mtu damu wakaona kama kazi yake imemdhuru, hata kabla hajaugua. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mwajiri akiona damu yangu imeharibika, si atanifukuza? Watu walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jawabu. Ukurasa huu twautoa kumjibu yeye na wengine waliotaka kuuliza wakanyamaza.

Ni kweli, kipimo hicho kipo. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo ndizo zichukuazo urithi wetu. Idadi yake ni 46. Hilo lilijulikana kwa hakika mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo mabingwa walifundisha kuwa ni 48, na wala hawakuona aibu. Nyuzi hizi hukatika. Mionzi huzikata, na baadhi ya kemikali huzikata. Mwili huziunga tena, lakini mara nyingine huziunga vibaya, kama fundi aungaye mabomba gizani, kipande cha huku akakitia kule. Hapo hutokea kromosomu yenye viuno viwili badala ya kimoja, au kipande huachwa nje kikafanya kiini kidogo kando ya kile kikubwa. Mtaalamu huhesabu makosa hayo, seli kwa seli, mamia na hata maelfu, kwa hadubini. Kazi yenyewe yote ni hiyo: kuhesabu.

Damu ichukuliwayo ni kidogo, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba seli nyeupe za damu hazigawanyiki zenyewe zikiwa chupani, na seli isiyogawanyika haionyeshi kromosomu zake. Mwaka 1960 ikagunduliwa huko Marekani kuwa dawa iliyokamuliwa katika maharage mekundu huziamsha zikagawanyika. Naam, maharage haya haya. Baada ya siku mbili hivi huwa tayari kutazamwa. Iko njia nyingine isiyotaka sindano: shavu husuguliwa kwa ndani kwa kijiburashi, na vile viini vidogo vikahesabiwa katika seli za shavu. Hakuna maumivu, na anayesema damu au mate hayo yanakwenda kuuzwa asema asilolijua.

Wako miongoni mwetu vijana waokotao na kununua chuma chakavu. Hao na wasikilize habari ya Goiânia, mji wa Brazil. Mwezi wa Septemba 1987 watu wawili walikwenda kwenye hospitali iliyohamwa wakang'oa mashine ya kutibia saratani, wakauza vyuma kwa mwenye duka la chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi, wenye mionzi mikali, uliong'aa usiku. Watu wakaupenda, wakagawiana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, nao walikuwa mke wa mwenye duka, mtoto wa ndugu yake, na vijana wawili waliokuwa wakimfanyia kazi. Watu zaidi ya 112,000 walipangwa foleni kupimwa, na 249 wakakutwa na uchafu ule. Hakuna hata mmoja wa wale wa chakavu aliyekuwa amevaa beji ya kupimia mionzi, kwa maana nani huvaa beji kwa kazi ya chakavu? Basi madaktari walihesabu kromosomu za viuno viwili katika damu, na kwa hesabu hiyo wakakadiria kila mmoja alipigwa na mionzi kiasi gani. Mwili wenyewe ulikuwa ndio beji.

Lakini tusijidanganye. Hiyo ilikuwa ajali kubwa. Dhara la mwuza petroli, la mpiga rangi magari, la anyunyiziaye dawa ya wadudu kwenye bustani za hoteli, ni la kidogo kidogo kwa miaka mingi, na hapo kipimo hiki chataka uangalifu. Hata mtu mwenye afya njema huwa na makosa machache. Huzidi kwa umri. Huzidi kwa sigara, na huzidi mtu akikosa mboga za majani, kwa kuwa ndani yake mna kitu ambacho seli hukihitaji ili zigawanyike sawasawa. (Mwajiri alipaye mshahara usiofika kwenye mchicha asishangae.) Tena mwaka 2001 ilichapishwa habari ya uchunguzi kwamba watafunaji wa miraa wana viini vidogo vingi zaidi mashavuni.

Hili la miraa twalitaja makusudi. Siku kipimo kitakapofika kwetu, jawabu la kwanza la wakubwa litakuwa: si benzini ya petroli, ni muguka wao. Jibu la kweli ni kuwapima watafunaji wa pampuni pamoja na watafunaji wasiofanya kazi pampuni, wenye umri mmoja, kisha kuona tofauti. Yeyote aletaye hesabu ya wafanya kazi bila hesabu ya wenzao wa nje hajaleta kitu.

Na huyo ndugu aulizaye kama damu yake itamtabiria kifo, jawabu ni hapana. Mwaka 1998 wachunguzi wa nchi za Skandinavia na Italia, waliofuatilia maelfu ya watu kwa miaka, walionyesha kwamba kundi lenye kromosomu nyingi zilizovunjika lilipata saratani zaidi kuliko kundi lenye chache. Kundi, si Juma wala Kadzo. Katika kundi baya wengi hawakuugua kabisa. Kwa hiyo kipimo hiki hakimhukumu mtu. Kinachohukumiwa ni mahali pa kazi. Mwajiri atakayemwondoa mtu kwa sababu ya majibu hayo atakuwa ameitupa saa kwa kuwa imemwambia amechelewa, kisha ataleta kijana mwingine avute mvuke ule ule.

Hofu ya kufukuzwa si ya bure. Mwandishi wa maneno haya mwenyewe alipata kupelekwa kupimwa kifua na mwajiri mmoja, miaka iliyopita. Majibu yalikwenda kwa meneja katika bahasha iliyofungwa, na mimi mwenye kifua sikuambiwa neno mpaka leo.

Yafaa tujue tulicho nacho mkononi. Kanuni za mwaka 2005 za kupima afya zawataka waajiri wa kazi zenye hatari zilizotajwa humo wapeleke watu wao kwa daktari kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini, na wanapoiacha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007. Sheria ya kulinda habari za mtu, ya 2019, yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kupimwa kabla ya kuanza ndiko kwenye nguvu kubwa, kwa maana bila hesabu ya mwanzo utasemaje kwamba imezidi? Ndugu zetu wa Uyombo, walioandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kinu cha nyuklia, nao wangefaa kulikumbuka hilo: afya ya watu huandikwa kabla jengo halijaanza.

Kwamba damu yaweza kusema mbele ya hakimu, Mombasa imekwisha kuona. Wakazi wa Owino Uhuru, waliokaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipimwa risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, nayo Desemba 2024 ikaurudisha uamuzi ule. Kile kilikuwa kipimo cha sumu yenyewe, rahisi kuliko hiki. Hesabu ya kromosomu si ya kila zahanati na yataka macho yaliyofunzwa.

Kamati itawaandikia waajiri wa petroli, rangi na dawa za wadudu hapa Malindi mambo haya. Kipimo chochote kifanywe kwa hiari. Majibu ya mtu apewe mtu. Mwajiri na chama wapewe hesabu ya kundi bila majina. Na atakayehamishwa kazi ahamishwe na mshahara wake. Barakoa za kufaa, glavu na hewa visingoje kipimo, kwani madhara ya benzini hayataki ushahidi mpya kutoka Muyeye.

Kwa sasa kila mwanachama ashikaye kemikali anakili majina yaliyo kwenye madebe na chupa, aandike na miaka aliyofanya kazi hiyo, ampe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Wasiojua kuandika waje na debe lenyewe, likiwa tupu.