Anayeziba Ardhi Alipe

Kila masika Bonde la Msimbazi hufurika, na kila masika tunailaumu mvua. Mvua haina hatia. Sehemu kubwa ya maji yanayoizamisha Jangwani hutoka juu, kwenye mapaa, barabara na maegesho yetu, ambako ardhi imezibwa kwa lami na zege hata haiwezi kunywa tone. Aliyeiziba amelala pakavu. Anayelipa ni mama wa bondeni, kwa godoro, unga na madaftari ya wanawe.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Siupingi. Lakini mkopo hujenga mara moja, ilhali mchanga hurudi mtoni kila mwaka. Fedha hizo zikiisha, nani atagharimia kuuzoa, kuzibua mitaro na kutunza miti?

Mji wa Philadelphia, Marekani, ulilijibu swali hilo. Zamani gharama za maji ya mvua zilifuata mita, kwa hiyo uwanja wa maegesho usio na bomba haukulipa kitu. Kuanzia 2010, majengo yasiyo ya makazi yalianza kutozwa hatua kwa hatua kwa ukubwa wa kiwanja na eneo lililosakafiwa. Anayetengeneza bustani ya kunyonya maji hupunguziwa ankara. Mwaka 2011 mji huo ukaanza mpango wa miaka 25 wa kuyazuia maji pale pale yanapodondoka.

Hapa kwetu kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU tangu 2021. Huhesabu ghorofa, haiulizi ua. Iulize ua.

Nitaambiwa: tozo nyingine tena! Hofu hiyo ni ya haki. Basi nyumba ndogo zisamehewe, fedha ziwekwe katika mfuko wa mitaro na miti pekee, na hesabu zake zibandikwe katika kila ofisi ya mtaa. Ofisi za serikali nazo zilipe. Vyuo pia vilipe: mimi mwenyewe huegesha gari juu ya vitofali vilivyotandazwa palipokuwa na nyasi.

Tusijidanganye kwamba tukiikataa tozo hii tumeokoa fedha. Gharama ipo, na hulipwa kila masika. Tumeamua tu, bila kupiga kura, kwamba ailipe mnyonge wa bondeni.