Kilima cha Foleni

Wengi wetu tulipofika Kampala tuliambiwa twende kwanza kituo cha polisi cha Old Kampala, kujiandikisha. Unapanga foleni, unasubiri, unaangalia ule msikiti mkubwa juu. Hakuna anayekuambia kwamba kutoka kilima hichohicho wenyeji wa mji huu walipigwa risasi wakawa wakimbizi.

Desemba 1890 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alipiga kambi pale na rashasha ya Maxim, kuukuu, iliyokuwa imeshavuka Afrika na Stanley. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana Mengo. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki, kisha Maxim ikalia kutoka kilimani. Kabaka Mwanga, aliyekuwa upande wa Wakatoliki, akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Siku chache baadaye rashasha ikamfuata huko, watu wakazama na mitumbwi yao. Wengi wakakimbilia Buddu. Wakimbizi kabisa, kama sisi, ila bila kadi.

Mara nyingi inaitwa vita ya dini, basi. Na ile bunduki?

Ina ukoo wake. Mwaka 1862 Richard Gatling, Mmarekani aliyesomea udaktari (ndiyo, udaktari!), alisajili bunduki ya mitutu mingi inayozunguka ukizungusha mpini kwa mkono, kama mashine ya kusaga nyama. Baadaye aliandika kwamba alitaka askari mmoja afanye kazi ya mia, ili majeshi yapungue na wachache wafe. Mimi simwamini, maana aliiuza kwa majeshi ya kila upande. Miaka ya 1880 Hiram Maxim akauondoa mpini: nguvu ya risasi moja inapakia inayofuata.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, kwenye semina zenu za amani tunachora mti wa matatizo. Sisi wa Kivu kwenye mizizi tunaandika ukabila, ardhi, umaskini. Bunduki haipo hata kwenye majani. Mtasema bunduki haijifyatui, watu walichukiana kwanza. Kweli, hata Waganda walikuwa wamepigana kabla ya Lugard. Lakini aliyeamua nani abaki Mengo na nani akimbie ni yule mwenye rashasha kilimani, na yeye hakuwa wa kundi lolote kati ya yale mawili.

Semina ijayo nitauliza hivi: nani aliitengeneza, nani aliiuza, nani aliibeba mpaka kijijini kwetu. Mwezeshaji aandae karatasi kubwa.