Mkaja wa mama, kilemba cha baba

Posa ikishakubaliwa, wazee wa pande mbili huketi jamvini na kuanza kutaja fedha. Hapo ndipo, ndugu msomaji, maneno kadhaa ya kale hutamkwa haraka haraka kama bei za sokoni: kilemba kiasi hiki, mkaja kiasi hiki, mbeleko, kisha mahari. Vijana wengi hawajui maneno hayo yalitoka wapi, na baadhi ya wazee nao wamekwisha kusahau. Yafaa tuyafungue, kwa sababu ni shida mtu kudai haki asiyoijua jina.

Tuanze na mkaja, maana ndio unaopuuzwa kuliko yote. Mkaja ni nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, ili tumbo lirudi. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Watu wa Mwambao walipotaka mkwe amtunze mama wa bibi arusi, hawakuiita zawadi hiyo shukrani wala heshima, bali waliipa majina ya nguo hizo mbili. Maana yake i wazi. Binti unayemchukua alitoka katika tumbo lililofungwa mkaja, akalelewa juu ya mgongo uliochoka. Nguo zile zimekwisha chakaa. Lete nyingine badala yake. Sijui kama kuna namna ya adabu zaidi ya kumkumbusha kijana kwamba mchumba wake hakuokotwa njiani.

Kilemba cha baba nacho kina siri yake. Zamani mwanafunzi wa ufundi alipohitimu, alimpa fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba vilevile. Kwa hiyo baba anayepewa kilemba cha binti yake anatendewa kama fundi aliyemaliza kazi yake vizuri. Baba aliyeitelekeza nyumba yake, kisha akajitokeza siku ya posa akiwa ameketi mbele ya wote, huyo anavikwa kilemba cha ukoka.

Desturi hizi si za jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alizieleza arusi za Mrima kwa kirefu katika maandishi juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Ziko nyingine ndogo ndogo, kama kifungua mlango wanachotozwa watu wa bwana arusi mlangoni, na kipa mkono anachopewa bibi arusi mwenyewe. Hizo ni za furaha na utani, wala hazijamdhuru mtu.

Mahari ni jambo jingine kabisa. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke, si ya baba wala mjomba. Qurani, katika sura ya An-Nisaa, inawaamuru waume wawape wake mahari yao, na mke peke yake ndiye awezaye kusamehe sehemu yake. Hata pale yanapobaki deni, deni hilo ni lake, naye ana haki ya kulidai akiachwa au akifiwa na mume. Huko bara, kama kwa Wasukuma na Wakurya, ng'ombe walitolewa kwa ukoo wa binti, na aghalabu waliwezesha kaka yake naye kuoa. Kiswahili kilipoenea nchini, ng'ombe hao nao wakaitwa mahari.

Hapo ndipo mchanganyiko ulipoingia. Neno moja sasa linabeba vitu viwili, na wanaopotea ni wanawake wawili. Bibi arusi wa Mwambao huambiwa kwamba mahari yake yamelipwa, kumbe yamegawanywa jamvini. Mama yake naye husikia kwamba mkaja umo humo humo ndani ya bahasha moja, asiione kamwe bahasha hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiibatilishi ndoa kwa sababu tu desturi ya mahari au zawadi haikutimizwa, ikiwa masharti mengine ya sheria hiyo yametimia. Basi mjomba anayetishia kwamba bila kiasi fulani hakuna ndoa, anasema kwa niaba ya mfuko wake.

Kwa wale wenye arusi karibuni, ushauri wetu ni mfupi. Kila kitu kitajwe kwa jina lake na kuwekwa mbali na kingine. Mahari yaandikwe, pamoja na sehemu iliyobaki deni, na bibi arusi aambiwe kiasi chake kwa kinywa wazi mbele ya mashahidi. Na mkaja upelekwe uani, aliko mama mwenyewe. Wazee wa jamvini wamekwisha pata kahawa.