Vitabu vya vigogo na hesabu ya mfanyabiashara wa mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula mara mbili kwa wiki hufuatilia bei ya mahindi, thamani ya shilingi na hali ya mvua. Vitabu vya kumbukumbu za viongozi huviona kuwa mambo ya wasomi. Hapo anajipunja. Baadhi ya tawasifu zilizoandikwa Afrika Mashariki zimetoka kwa watu waliokuwa mezani wakati mipaka hiyo ikifungwa na kufunguliwa, na zina maelezo ambayo hayabandikwi kwenye ubao wa forodha.

Swali kwa msomaji wa mpakani ni moja: vitabu hivyo vinamwambia nini kuhusu mzigo wake?

Magavana wawili, mpaka mmoja

Pa kuanzia ni kwa Edwin Mtei. Kitabu chake, From Goatherd to Governor, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2009. Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa 1966 wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipoacha shilingi moja na kila nchi ikaanza kuchapa yake. Mwaka 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na alikuwa kwenye kiti hicho ilipovunjika 1977.

Jumuiya hiyo haikuuawa na wachuuzi wala madereva wa malori. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na mkutano wa wakuu wa nchi, chombo cha juu cha Jumuiya, haukufanyika tena. Tanzania na Uganda zilinung'unika kwamba viwanda vya Kenya vinafaidi kuliko vyao. Mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na ndege yakaanza kugombea fedha. Shirika la ndege liliposimama mwanzoni mwa 1977 na Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari.

Mpaka huo ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Mei 1984, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Kwa zaidi ya miaka sita, aliyekuwa akiuza halali upande wa pili aliachiwa mawili: kufunga biashara au kufuata njia za panya.

Anayetaka kusikia upande wa pili amsome Duncan Ndegwa, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia 1967 hadi 1982. Kumbukumbu zake, Walking in Kenyatta Struggles, zilitoka 2006. Magavana wawili waliotazama kipindi kilekile kutoka pande mbili za mpaka ni nafasi adimu ya kupima nani anakumbuka nini, na nani anaruka nini.

Ruksa ilitoka wapi

Kwa msomaji wa Kiswahili, kitabu kilicho karibu zaidi ni Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi. Kilizinduliwa Dar es Salaam Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Mzee Mwinyi alifariki Februari 29, 2024.

Jina la utani lililobeba kitabu hicho ni jina la kibiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu madukani Tanzania, na mwaka 1983 ilipita kampeni kali dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje. Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985 akaufungua mlango huo zaidi, na 1986 serikali yake ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo iliyotangulia iliyakwepa kwa miaka. Ubishi huohuo ndio uliomfanya Mtei ajiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979. Vitabu hivi viwili vikisomwa pamoja, mfanyabiashara anaona ruksa anayoitumia leo ilivyopiganiwa ndani ya serikali kabla ya kufika sokoni.

Benjamin Mkapa aliyemfuata alitoa My Life, My Purpose Novemba 2019, miezi minane kabla ya kufariki. Mkapa ni mmoja wa marais watatu waliotia saini Arusha, Novemba 30, 1999, mkataba uliofufua Jumuiya. Wengine ni Daniel arap Moi na Yoweri Museveni. Kitabu chake kimekumbukwa zaidi kwa jinsi alivyokiri kwamba mauaji ya Januari 2001 Zanzibar yaliacha doa katika uongozi wake. Kukiri huko kunampa msomaji kipimo. Kigogo anayeandika kurasa mia tatu bila kujutia lolote asomwe kwa tahadhari, kama unavyopokea mzigo ambao hukuuona ukipakiwa.

Ukoo wa pande mbili

Wafanyabiashara wa Busia watavutiwa na Riding on a Tiger cha Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Ukoo mmoja, serikali mbili. Kwa watu wa Busia hilo si ajabu, lakini sheria za uraia na leseni huandikwa kana kwamba familia za namna hiyo hazipo.

Njenga Karume naye, katika Beyond Expectations: From Charcoal to Gold cha 2009, anasimulia safari kutoka kuuza makaa hadi utajiri na uwaziri Kenya. Ni kitabu kizuri kwa anayejenga mtaji, mradi akumbuke kwamba mwandishi alikuwa pia karibu na Ikulu. Bidii na ukaribu huo vilitembea pamoja, na msomaji asihesabu kimoja akasahau kingine.

Kipya zaidi kati ya vitabu hivi ni Slow Poison cha Profesa Mahmood Mamdani, kilichotoka 2025. Mamdani alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Makerere. Anawalinganisha Amin na Museveni, na anadai kwamba utawala wa Museveni umeigawa Uganda vipande vya makabila. Si lazima kukubaliana naye. Museveni ana yake, Sowing the Mustard Seed, kilichotoka kwanza 1997. Visomwe vyote viwili.

Asiyeandikwa

Vitabu hivi vyote vina pengo moja. Mama wa Busia mwenye kapu la nyanya na kijana wa Gatuna mwenye baiskeli wanaonekana kwa mbali, kama umati kandoni mwa barabara. Walioamua ndio walioandika.

Pengo hilo lina gharama. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali mbili, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni katika aina 15 za biashara, Nairobi ikalalamika. Kila mara viongozi walikutana na taarifa ikasomwa. Hasara ya mwenye magunia kumi haikuwa na kitabu cha kuitetea.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina dawa iliyo karibu: daftari. Tarehe ya kuzuiwa, kiasi cha mzigo, kilichooza, kilicholipwa na aliyelipwa. Anayetumia cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 tayari ana karatasi ya kuanzia. Daftari kama hizo zikikusanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo Jumuiya imeikubali kuwa rasmi, ndizo zitakazowekwa mezani siku mkuu fulani atakapoandika kwamba mpaka ulifungwa "bila madhara makubwa".

Sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyotarajiwa 2024, sasa imesogezwa hadi 2031. Wajadili wa sasa hawatakosa ushauri wa wataalamu. Kumbukumbu za waliovunja shilingi ya kwanza zinauzwa madukani, na wanaobeba mzigo wanastahili kuzisoma kabla ya ya pili kuchapwa.