Mambo ya Nyumbani: Divai tamu ya Porto, bila lotoko

Wasomaji wetu wa Bunia wametuuliza, zaidi ya mara moja, juu ya ile divai nzito na tamu iitwayo Porto: je, yaweza kutengenezwa nyumbani? Swali ni jema, maana mananasi hayatupungukii na sukari yapatikana sokoni. Lakini wengine huongeza swali la pili kwa sauti ya chini: je, haitoshi kutia lotoko kidogo ndani ya divai ya nanasi, nayo ikawa Porto? Hilo la pili ndilo linalotushurutisha kuandika.

Kwanza tuijue Porto yenyewe. Yatoka katika bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, ambako mipaka ya mashamba ya mizabibu iliwekwa kwa amri ya serikali mwaka 1756. Zabibu hukamuliwa, na maji yake huanza kuchacha. Baada ya siku mbili tatu, hali karibu nusu ya sukari haijaliwa bado na hamira, hutiwa spiriti ya zabibu yenye nguvu ya sehemu 77 katika 100. Kwa desturi hutiwa lita 115 za spiriti katika lita 435 za divai changa, ndiyo lita 550 za pipa moja. Hamira hufa, sukari iliyosalia husalia, na divai hupata nguvu ya sehemu 20 hivi katika 100. Kisha hulazwa katika mapipa ya mwaloni huko Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Porto. Ile ya rangi ya kahawia huuzwa na alama ya miaka 10, 20, 30, hata 40.

Basi mtu akisikia kwamba hutiwa spiriti, mara asema: nasi tunayo lotoko! Hapo ndipo hatari ilipo. Spiriti ya Douro yatokana na zabibu, tena hupimwa kabla ya kutumiwa. Lotoko hupikwa uani, kwa mahindi na mihogo, pengine katika pipa la mafuta na bomba la gari kuukuu, na anayeinunua hajui kama mpishi ameyamwaga yale matone ya kwanza au ameyauza pamoja na mengine. Mara nyingi ina methanoli. Sumu hiyo, ikiingia mwilini, hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Mtu huweza kupofuka au kufa. Tena dalili zake huweza kukawia hata siku nzima. Akiona ukungu machoni baada ya kunywa, apelekwe hospitali papo hapo, wala asiambiwe alale kwanza ulevi umtoke.

Na jambo hili wengi hawalijui: methanoli haitoki kwa kukaa. Mwaweza kuifungia chupani miaka 10, divai ikalainika ulimini na kunukia vizuri, na sumu yake ikawa ile ile.

Basi ifanywe namna gani? Watu wa Ulaya na Marekani wapendao kutengeneza divai nyumbani hununua sanduku lililo tayari. Ndani yake mna maji mazito ya zabibu, pakiti ya hamira ya divai, unga wa udongo wa kusafishia, dawa ya kuzuia vijidudu, na mara nyingi pakiti ya utamu ya kutia mwishoni. Sanduku la namna ya Porto hutoa lita 11 au 12 tu. Tena, kwa kawaida hakuna spiriti ndani yake! Nguvu yote yatoka katika sukari, pamoja na hamira shupavu iwezayo kuishi mpaka divai ifike sehemu 16, hata 18, katika 100. Hamira ya mkate huchoka mapema zaidi. Kwa hiyo, mkiwa na ndugu anayesafiri Kampala, msimbebeshe sanduku zito kupitia Mahagi au kuvuka ziwa. Mwambieni atafute ile pakiti ya hamira ya divai, nyepesi kama barua. Mengine tunayo hapa.

Kwa lita 10, twaeni kilo 5 za nyama ya nanasi lililoiva, liponde, mlitie katika ndoo safi iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Chemsheni maji na kilo 2 za sukari, yaacheni yapoe hata yawe vuguvugu, ndipo myamimine pamoja na hamira na kikombe cha chai nyeusi isiyo na maziwa. Chai hiyo huleta ule ukakasi ambao nanasi halina. Anayetaka rangi nyekundu atie maua makavu ya rozela, mmea wa jamii ya ngai-ngai. Funikeni kwa kitambaa, korogeni kila siku, na baada ya siku 6 au 7 chujeni, mtie katika chupa kubwa ya kioo. Mdomoni pitisheni mpira mwembamba ambao ncha yake ya nje imezama katika kikombe cha maji: hewa itoke, inzi asiingie.

Sasa ndiyo siri yenyewe. Povu likipungua, tieni gramu 250 za sukari. Likipungua tena, tieni tena. Gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa na hamira, huleta sehemu 1 ya nguvu katika 100. Itafika siku hamira itashindwa na nguvu ya kazi yake yenyewe, na sukari mtakayotia baada ya hapo itabaki kuwa utamu.

Wengine wametuuliza kama divai hiyo yafaa kwa Misa. Haifai. Divai ya altare hapana budi itokane na zabibu. Juu ya divai tamu za zabibu, Roma ilikubali mwaka 1896 zitiwe spiriti ya zabibu ili zisiharibike, mradi nguvu yake isipite sehemu 17 au 18.

Sasa tuje kwenye kungoja. Vitabu vya divai husifu subira kana kwamba ni jambo la moyo tu. Hapa kwetu sivyo. Divai ya miaka 10 yataka nyumba ya miaka 10, na katika Ituri, tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu machafuko ya Djugu ya mwaka 2017, jamaa nyingi zimefika Bunia na kile tu walichoweza kujitwika kichwani. Mama aliyekimbia mara mbili hatutamwambia aache fedha ya sukari ilale miaka 10 katika chupa ya kioo. Twamwambia miezi 6. Kwa muda huo ukali hupungua na divai hutakata. Akiweza mwaka mmoja, vema zaidi. Nusu na iuzwe au inywewe, nusu ingoje.

Lakini wiki 3 ni chache mno, hata kama wanunuzi wapo mlangoni. Divai iliyo tamu na yenye hamira hai, ikifungwa, hupasua chupa. Baada ya mwezi mmoja ihamisheni kwa mpira, mwache mashapo chini. Baada ya miezi 3, tena. Kabla ya kuifunga, jazeni chupa moja ya plastiki mwiweke wiki 2. Plastiki ikiwa ngumu kama jiwe, ngojeni bado.

Msitie vipande vya mbao kwa kuiga mapipa ya mwaloni. Ituri ni nchi ya mbao, lakini si kila mti wafaa kinywani. Wekeni chupa chumba cha ndani, mbali na jua na jiko, na kila moja iandikwe siku ya kutiwa hamira na siku ya kufungwa. Wakati wa kunywa, tumieni glasi ndogo: nguvu yake hupita mara mbili ile ya bia.